Kwenda Si Kwenda

Asubuhi moja katika shule ya msingi huko Kiganjo, viungani mwa mji wa Thika, mtoto wa kike wa darasa la kwanza aliinua mkono akasema, “Mwalimu, ninaenda maji.” Mwalimu akamjibu, “Basi nenda, utuletee na sisi.” Darasa zima liliangua kicheko. Mtoto hakutaka kwenda popote; alikuwa na kiu. Tangu siku hiyo akawa bubu wa vipindi vya Kiswahili.

Kosa lake lilikuwa na mantiki. Alilelewa na nyanya yake kwa lugha ya Kikuyu, na katika Kikuyu kwenda ni kutaka, tena ni kupenda. “Nĩngwenda maaĩ” ni “nataka maji”. “Nĩngwendete” ni “nakupenda”. Anayeondoka hutumia kitenzi kingine kabisa, gũthiĩ. Sauti ni zile zile, ilhali maana ziko mbali kama ardhi na mbingu.

Miaka ikapita. Binti huyo alijikuta chuo kikuu akisomea lugha ile ile iliyomtia haya. Katika mhadhara mmoja wa isimu linganishi, mhadhiri aliandika ubaoni mzizi wa kale wa Kibantu, -gend-. Waganda wangali wanasema kugenda. Waswahili waliidondosha g wakabaki na kwenda, kama walivyofanya katika kuambia, ambalo jamaa yake wa Kiganda ni kugamba. Kutokana na mzizi huo yamezaliwa mwendo, mwenendo, kuendesha, kuendelea na hata maendeleo. Ndipo binti alipokumbuka neno alilolisikia kwa nyanya tangu utotoni: rũgendo, yaani safari. Kumbe ndugu halisi wa kwenda alikuwa nyumbani kwao siku zote. Yule aliyefanana naye kwa sauti hakuwa ndugu. Yule aliyebadilika sura ndiye aliyekuwa wa damu.

Aligundua pia kwamba kitenzi hiki huwasumbua hata wenyewe. Amekwenda au ameenda? Yote mawili husemwa. Kuamrisha nako ni nenda, wala si enda. Kiingereza, kinachoogopwa na wengi, hakina afadhali: wakati uliopita wa go ni went, umbo lililoazimwa kutoka kwa kitenzi kingine, wend, baada ya umbo la kale kutoweka. Waama, hakuna lugha isiyo na kiraka.

Likizo ilipofika, alirudi Kiganjo akamsimulia nyanya hayo yote. Ajuza alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akasema kuwa mtoto anayeomba maji kwa kusema anayapenda hajakosea sana. Hayo yalikuwa mazungumzo yao marefu ya mwisho. Mwaka uliofuata nyanya aliaga dunia, na mlango wa nyumba yake ukafungwa kwa kufuli.

Kwa Kikuyu, kiganjo ni mahali palipokuwa na boma, kisha wenyewe wakahama. Kiswahili nacho kina mahame, na kina ganjo. Binti alikuwa amelitaja jina la kwao maisha yake yote bila kulisikia. Mbele ya mlango ule uliofungwa, alilisikia.

Alipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, mtoto mmoja alisimama akasema, “Mwalimu, ninaenda kalamu.” Wenzake walianza kucheka. Binti akawanyamazisha kwa mkono, akampa mtoto kalamu, kisha akamwuliza kwa upole, “Kwenu, kwenda ni nini?” Mtoto akajibu kwa sauti ndogo kuwa ni kutaka. Mwalimu akayaandika ubaoni maneno mawili, kwenda na kwenda, akachora mstari kati yake. Chini yake akaongeza la tatu, rũgendo, akalifunga kwa mshale na lile la Kiswahili.

Wahenga hawakukosea: mwenda tezi na omo, marejeo ngamani.