Saa Niliyoinunua Nakivubo

Ukisema mjini Kampala kwamba unatafuta Rolex, mtu wa kwanza atakuelekeza kwa muuza chapati. Kwetu rolex ni mayai ya kukaanga yaliyokunjwa ndani ya chapati, na hiyo nimeila tangu utoto. Lakini mwaka jana, mwezi mmoja kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, nilianza kuitamani ile nyingine, ya mkononi. Shule niliyopangiwa haikuruhusu walimu kuingia darasani na simu, na mwalimu asiye na saa hujua kipindi kimekwisha pale wanafunzi wanapofunga madaftari. Ningeweza kununua saa ya plastiki ya shilingi 10,000 mambo yakaisha. Ila nilikuwa nimewafundisha watoto wa majirani likizo nzima nikaweka akiba ya shilingi 300,000, na maishani sikuwahi kumiliki kitu kizuri kisicho cha lazima.

Rafiki yangu wa darasani akanipeleka Nakivubo. Pale kuna soko la Owino, kuna uwanja wa mpira uliojengwa mwaka 1926, ambao sasa umejengwa upya na kuzungukwa na maduka, na kuna mfereji unaopeleka maji machafu ya mji kwenye Ziwa Viktoria. Katikati ya hayo yote, teksi na boda boda zinagombania njia. Saa zimetandazwa kila mahali: juu ya meza, juu ya maturubai, na nyingine zimevalishwa kwenye mkono wa muuzaji kuanzia kiganjani hadi kiwiko.

“Ssebo, Rolex halisi, elfu hamsini tu!”

Nikaivaa. Ilikuwa nzito, ya rangi ya dhahabu, na kwa muda wa dakika tatu nilikuwa mbunge. Rafiki yangu alicheka hadi akashika ukuta, lakini nakiri kwamba mkono wangu mwingine ulikuwa tayari mfukoni. Kilichoniokoa ni mzee mmoja, fundi wa saa, aliyekuwa ameketi chini ya ngazi za jengo la maduka akiwa na lenzi jichoni. Alituita kwa Kiswahili kizuri. Baadaye alituambia kwamba kazi aliijifunza Kisumu.

“Kijana, tazama mshale wa sekunde,” alisema. “Unaona unavyoruka, tik, halafu unasimama? Hiyo ni betri. Saa unayoambiwa ni hiyo huendeshwa na springi, na mshale wake huteleza. Tena inauzwa maelfu ya dola. Mwenye nayo hapiti hapa kwa miguu.”

Muuzaji alimtazama kwa hasira, akaenda kutafuta wabunge wengine.

Fundi akafungua kopo la maziwa ya unga na kutoa saa iliyofungwa kwa kitambaa. Ilikuwa Seiko 5, iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine, kioo chake kina mkwaruzo mdogo karibu na namba nne. Saa za aina hii Wajapani walianza kuzitengeneza mwaka 1963. Haina betri wala haihitaji kutiwa ufunguo kila asubuhi, kwa sababu ndani yake mna kipande kizito cha chuma chenye umbo la nusu duara, ambacho huzunguka kila unapotikisa mkono na kuikaza springi. Nyuma ilikuwa na kioo, kwa hiyo nilikiona kikizunguka. Sikuwahi kuona kitu kidogo namna ile kikifanya kazi kwa bidii namna ile.

Siku za wiki zilionyeshwa kwa lugha mbili, Kiingereza na Kiarabu. Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kuona jambo hilo akanyamaza. Nilimweleza rafiki yangu kwamba Waarabu huhesabu kuanzia Jumapili, na ndiyo maana Alhamisi maana yake ni ya tano. Lakini sisi huhesabu kuanzia Jumamosi, na Jumatano nayo ni ya tano. Kwa hiyo wiki ya Waswahili ina siku mbili za tano zinazofuatana. Rafiki yangu aliniuliza kama nimekuja kununua saa au kufanya mtihani.

Fundi hakunificha kitu. Aliniambia kwamba kila siku itakwenda mbele au itabaki nyuma kwa sekunde kadhaa, na kwamba nikiivua kwa siku mbili itasimama. Alitaka 280,000, tukafika 240,000. Kisha akachukua mkanda wa ngozi ili anipime, akasema, “Lete mkono.”

Lete. Katika darasa letu kitenzi hicho ni maarufu, kwa sababu hakifuati kanuni: hatumwamuru mtu “leta”, bali “lete”. Nami siku nilipofundishwa hivyo sikuandika chochote, kwani neno hilo nililijua kutoka kwa jjajja wangu, baba mzaa baba.

Mwaka 1983, wakati wa vita vya Luweero, jjajja alisimamishwa na wanajeshi kwenye kizuizi cha barabarani. Siku zile Waganda wengi walijifunza Kiswahili kwa amri kama “panda gari”, na waliopandishwa magari si wote waliorudi. Jjajja alikuwa amevaa saa aliyoinunua kwa pesa za kahawa yake. Mwanajeshi akamwonyesha mkono na kusema, “Saa!” Jjajja akadhani anaulizwa wakati. Akatazama, akajibu kwa adabu, “Mukaaga,” yaani sita. Akapigwa kibao. “Lete saa!” Hapo akaelewa, kwa sababu kwa Kiganda tungesema “leeta essaawa”. Ameniambia mara nyingi kwamba kibao hakikumuuma kama kuibiwa kwa maneno yanayofanana na yake. Tangu siku hiyo hakuvaa saa tena, na nilipochagua kusomea Kiswahili aliniuliza kama nataka kuwa mwanajeshi.

Nilimlipa fundi nikiwa nimenyamaza.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Luweero nikiwa nimevaa shati la mikono mirefu, jua kali na yote. Jjajja hakudanganyika. Tulipokuwa tukimenya matoke aliuliza, bila kuinua macho, ni saa ngapi. Nikavuta mkono wa shati. Mishale ilionyesha kumi na moja na dakika arobaini, nami nikageuza kama tunavyogeuza sote: saa sita kasoro dakika ishirini.

Akaweka kisu chini, akanyoosha mkono. “Leeta essaawa.”

Hadi leo sijui alisema kwa Kiganda au kwa Kiswahili. Niliivua nikampa. Aliiweka sikioni kwa muda mrefu, akaigeuza akatazama kile chuma kikizunguka, akauliza bei, akasema nimepunjwa. Kisha akaivaa, kioo kikiwa upande wa ndani wa mkono, akaendelea kumenya.

Jioni niliondoka bila kuiomba. Jumatatu niliingia darasani kwa mara ya kwanza kama mwalimu, nikiwa na saa ya plastiki ya shilingi 10,000.