Mapigo 34 kwa Dakika

Kwetu Korogwe mtu akianguka ghafla, majina mawili huja haraka: kifafa au jini. Mimi nilipewa yote mawili. Nilianguka sokoni na kikapu mkononi, nikaanguka tena msikitini nikiinuka kwenye sijida, na kila nilipozinduka nilikuta mmoja ananipepea, mwingine ananisomea. Hakukuwa na maumivu yoyote. Kiza kilishuka machoni, basi, nikajikuta chini. Muda mfupi baadaye nilikuwa mzima, naulizwa jina langu nalitaja, naulizwa leo siku gani nasema. Huko kuzinduka upesi na akili zangu timamu kulikuwa dalili kubwa, ila hakuna aliyeitilia maanani. Zahanati moja ilinianzishia dawa za kifafa. Nilimeza nikawa nasinzia mchana kutwa, na kuanguka kukabaki palepale.

Aliyenifungulia njia ni muuguzi kijana wa kliniki ya presha. "Shikamoo mama, naomba mkono." Akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wangu, akakodolea macho saa ya ukutani, na hakuniachia mpaka dakika nzima ikaisha. Kisha akarudia. "Mama, mapigo yako ni 34. Umekuja hapa na nani?" Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Wanariadha wenye mazoezi mazito huweza kuwa chini ya hapo wakiwa wazima kabisa, lakini mimi ni mwalimu mstaafu ambaye ngazi tatu tu zilikuwa zinanikatisha pumzi.

Siku hiyohiyo nilipimwa umeme wa moyo, kipimo kinachoitwa ECG. Hakiumi. Unalala, unabandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni, na baada ya dakika chache karatasi ya vijiraba inatoka. Daktari aliiweka mbele yangu akanionyesha kwa ncha ya kalamu: vilima vidogo ni vyumba vya juu vya moyo, vilele virefu ni vyumba vya chini. Kila kilima hufuatwa na kilele chake. Kwangu vilima vilikwenda kwa mwendo wao na vilele kwa mwendo wao, polepole, bila uhusiano wowote. Umeme wa moyo huanzia juu upande wa kulia, hupita katikati kuteremka chini, na hapo katikati ndipo njia yangu ilipokuwa imefungwa. Daraja la kwanza la kizuizi hiki ni umeme kuchelewa tu, na wengi wanalo bila kujua. La pili, baadhi ya mapigo hupotea. La tatu, ambalo ndilo langu, hakipiti kitu. Vyumba vya chini hujipigia vyenyewe taratibu, na vikisita kwa sekunde kadhaa ubongo unakosa damu, mtu anaanguka.

Hatukukimbilia kupandikiza kifaa cha kuusukuma moyo upige. Daktari aliomba kwanza aone dawa zangu zote, kwa sababu atenolol, propranolol, digoxin na verapamil zinaweza kupunguza mapigo au kuziba njia hiyo. Atenolol yangu ya presha ilisimamishwa, nikiwa nimelazwa na naangaliwa. Nasisitiza hapo: dawa hizi haziachwi kiholela nyumbani. Potasiamu ya damu ikapimwa, maana ikizidi, hasa kwa wagonjwa wa figo, nayo huziba. Yote yakaangaliwa, mapigo hayakupanda. Ilikuwa ni makovu yanayokuja na umri kwenye njia ya umeme.

Nikapelekwa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kuwekewa kile ambacho watu wanaita betri ya moyo. Gharama ni mamilioni ya shilingi. Wanangu na wifi zangu walichangishana, na kila nikiwaza wasio na wa kuwachangia naumia. Niliogopa sana. Daktari akanisimulia habari za Arne Larsson wa Sweden, mtu wa kwanza kupandikizwa kifaa hiki, Oktoba 1958. Cha kwanza kilizima baada ya saa chache, akawekewa kingine, na akaendelea kubadilishiwa hadi alipofariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86. Leo betri moja hudumu miaka mingi, mara nyingi kama kumi hivi.

Nilichomwa ganzi, nikabaki macho. Walipasua kidogo chini ya mtulinga wa kushoto, wakapitisha waya ndani ya mshipa hadi moyoni huku wakiufuata kwenye skrini ya eksirei. Mlio wa mashine uliokuwa ukisuasua ukabadilika ghafla, ukaenda sawasawa. Nikalia.

Sijaanguka tena. Napanda ngazi, nasali nimesimama, simu naiweka mbali na kifua.

Makovu ya umri hayana kinga, lakini presha, kisukari na sigara vinavyouharibu moyo vinadhibitika. Kwa hiyo kwenye kikundi chetu cha vikoba nafundisha kuhesabu mapigo dakika nzima. Na nawaambia: ukizimia, omba ECG kabla hujapewa jina lolote. Ikitoka safi na bado unaanguka, omba kipimo cha kuvaa saa 24 au zaidi, maana kizuizi kingine huja na kuondoka, na siku ya kupimwa kinaweza kuwa hakipo.