Mgeni wa Usiku Uani Kwetu

Akina mama wengi wasomao gazeti hili wanamjua bweha kwa hasara yake tu: kuku aliyetoweka, mwanambuzi aliyeburutwa usiku, mbwa wanaobweka hadi alfajiri. Bweha wetu huyo mwenye mgongo mweusi na mbweha mwekundu wa Ulaya ni ndugu katika ukoo wa mbwa, ila si mnyama mmoja. Sisi tunaoishi Uingereza kwa ajili ya kazi tumemkuta huyo mwekundu mahali ambapo hatukumtazamia kabisa, katikati ya jiji la London, akipita kando ya mapipa ya taka na kuruka ukuta kama paka. Wenyeji hawamshangai tena. Mitaa ya pembezoni mwa jiji ilipojengwa kwa wingi katika miaka ya 1930, kila nyumba na bustani yake, mbweha walikuta humo chakula na maficho, nao wakahamia.

Tungeendelea kuishi naye bila kumjali, kama si Bibi, mama mzazi wa Baba Neema, aliyekuja kutoka Kondoa mwezi Januari 2023 kumsubiri kitukuu wake. Neema, binti yetu, alikuwa amekuja kujifungulia kwetu kwa kuwa mumewe alikuwa kazini mbali.

Januari ndio mwezi ambao mbweha hutafutana, na jike hulia kilio ambacho asiyekizoea hawezi kukisahau. Usiku wa tatu tulimkuta Bibi ameketi kitandani, kanga ameifunga kichwani, taa zote zinawaka. "Mama Neema," akasema, "kuna mwanamke anauawa huko nje, na ninyi mmelala." Tukamweleza kuwa ni mnyama. Hilo halikumtuliza hata kidogo, maana kwao bweha anayelia karibu na nyumba yenye mja mzito si habari njema. Jumapili iliyofuata dada mmoja kanisani, kwa nia njema tu, akamsimulia mengine: kwamba mwaka 2010 huko Hackney mbweha aliingia ndani ya nyumba na kuwajeruhi watoto pacha, na kwamba mwaka 2013 huko Bromley mwingine alimng'ata kidole mtoto wa wiki chache. Yote mawili ni kweli. Hatukutaka kumdanganya mtu mzima wa miaka 74, kwa hiyo tulikiri kuwa ni kweli, tukaongeza kuwa mambo hayo hutokea mara chache mno, na kwamba mlango wa uani ukifungwa jioni hakuna mnyama atakayeingia.

Mtoto alizaliwa mwishoni mwa Februari. Bibi akahamisha godoro lake hadi mlangoni pa chumba cha mzazi, na ufagio ubavuni. Kila majani yalipotikisika aliamka. Baada ya wiki mbili tulimpima shinikizo la damu, tukakuta 170 kwa 100, naye vidonge vyake alikuwa anameza kila siku bila kukosa. Muuguzi yeyote atawaambia kuwa mtu wa umri huo asiyelala yuko hatarini kuliko mtoto aliyefungiwa ndani. Basi Baba Neema, ambaye ni dereva wa basi na hurudi usiku wa manane, akasema jambo la maana: tusibishane na Bibi juu ya mnyama ambaye sisi wenyewe hatujui anafanya nini uani. Tumwone kwanza.

Akanunua kamera ndogo ya kufungwa nje, ile inayojipiga yenyewe. Ina kifaa kinachohisi joto la mwili likipita mbele yake, na taa ambayo mwanga wake hauonekani kwa macho yetu, hivyo picha za usiku hutoka nyeusi na nyeupe. Tuliifunga kwenye nguzo ya kamba ya nguo, kimo cha goti, kwa sababu ukiiweka juu utapata migongo tu. Siku za kwanza tulipata paka wa jirani, matawi yanayoyumba, na miguu ya Baba Neema akitoka kazini. Usiku wa nne, saa nane na nusu, yakatokea macho mawili yaking'aa kama sarafu. Bibi hakutishika na macho hayo. Alisema mbuzi wake humulika vivyo hivyo akiingia zizini na tochi. Ni kweli, maana mbuzi, paka na mbweha wote wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga.

Kilichomshangaza ni umbo. "Ndiye huyu? Mbona mdogo hivi?" Mbweha wa mjini kwa kawaida ana kilo tano hadi saba, hamzidi sana paka aliyeshiba. Ni manyoya na mkia vinavyomfanya aonekane mkubwa.

Tangu siku hiyo, chai ya asubuhi ilinyweka huku tukitazama picha za usiku kwenye meza ya jikoni. Tulijua sasa njia yake: hutokea chini ya ua wa upande wa kushoto, hunusa pipa, hunywa maji ya mvua kwenye beseni, huondoka. Kwa usiku zaidi ya thelathini hakukaribia mlango hata mara moja, isipokuwa siku ile kandambili za Bibi ziliposahauliwa kizingitini. Picha ya saa kumi kasoro robo inamwonyesha anaondoka na moja, kichwa juu, kama mtu aliyetoka dukani. Mbweha wana tabia hiyo ya kuchukua viatu, hasa wenye watoto, maana watoto huvichezea. Bibi alikasirika, kisha akacheka hadi akashika mbavu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu afike.

Na ni yeye aliyegundua jambo lililotupita sote, pamoja na aliyesomea uuguzi. Mwanzoni mwa Aprili alishika picha moja, akaisogeza dirishani. "Huyu ananyonyesha. Tazameni tumbo lake." Tukatazama, tukaona chuchu zilizovimba na manyoya ya tumboni yamepungua. Jike la mbweha hubeba mimba siku 52 hivi na huzaa mwezi Machi au mwanzoni mwa Aprili, shimoni, mara nyingi chini ya vibanda vya bustani. Kumbe zile saa ambazo Neema alikuwa akiamka kunyonyesha, mwingine naye alikuwa akitafuta chakula nje ya dirisha. Jioni hiyo Bibi alirudisha godoro lake chumbani. Ufagio hakuurudisha.

Aliuliza swali moja kwa uzito, nasi tulimjibu kwa uzito huo huo. Katika ujana wake aliona mtu wa kijiji chake akifa kwa kichaa cha mbwa, akiogopa maji. Je, huyu hana ugonjwa huo? Mbweha wa Uingereza hawana. Katika nchi nyingi za Ulaya walikuwa nao, na wakakingwa kwa njia ya ajabu: chanjo iliwekwa ndani ya chambo na kutawanywa porini ili wajilishe wenyewe. Kazi hiyo ilianzia Uswisi mwaka 1978, kwa vichwa vya kuku. Kwetu Afrika mashariki anayeleta ugonjwa huo nyumbani ni hasa mbwa asiyechanjwa. Kwa hiyo, mama, mtoto wako akiumwa na mbwa, osha jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha umwahishe kituo cha afya siku hiyo hiyo apate chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Usingoje dalili, kwa sababu dalili zikianza hakuna dawa.

Mwezi Aprili alipita pia dume mmoja mwenye mkia mtupu kama kamba. Huyo alikuwa na upele, unaoletwa na mdudu wa jamii ile ile inayosumbua watu. Mwaka 1994 upele huo uliingia katika mji wa Bristol na kuua karibu mbweha wote wa huko. Tulimkataza kila mtu kugusa beseni lile kwa mikono mitupu, tukalimwaga. Kumwonea huruma tulimwonea, lakini nyumba yenye mtoto mchanga haiwezi kualika upele kwa ajili ya huruma. Baada ya wiki mbili hatukumwona tena.

Watoto wa mbweha walijitokeza kwenye picha mwanzoni mwa Mei, wanne, wenye nyuso fupi kama za watoto wa mbwa. Jirani yetu, mzee Mwingereza anayeishi peke yake, alikuwa akija kuwatazama. Yeye hajui Kiswahili, Bibi hajui Kiingereza, nao waliweza kukaa nusu saa wakionyeshana kwa vidole. Shinikizo la damu la Bibi lilikuwa limeshuka hadi 142 kwa 86. Dawa alikuwa akizimeza kama zamani. Kilichobadilika ni usingizi.

Aliondoka mwishoni mwa Mei. Alituomba tumsafishie picha tatu, ya kitukuu chake na mbili za mbweha, ili watu wa Kondoa wasimwite mwongo. Kandambili iliyobaki aliiacha kwa makusudi kizingitini. Alisema mwenye moja aje achukue na ya pili.

Ilikaa pale wiki mbili bila kuguswa, tukadhani wamehama. Picha ya tarehe 14 Juni, saa tisa na dakika kumi usiku, inaonyesha mtoto mmoja wa mbweha ameing'ang'ania kwa meno, na wenzake wawili wanamkimbiza.