Swali la Msimbati

Najua nimepotea, si mnajua mambo ya TP. Mwenzenu nilipangiwa sekondari moja pande za Msimbati, huku kwenye gesi ya Mnazi Bay.

Basi bwana, juzi nafundisha kemia Form Three, somo hewa ukaa. Nikajitutumua: Wanorwei wanaizika chini ya Bahari ya Kaskazini! Tangu 1996, pale Sleipner, wanaitenganisha na gesi asilia, wanaisukuma kwenye mwamba wa mchanga karibu kilomita moja chini ya sakafu ya bahari. Nikajiona profesa.

Binti wa nyuma akanyoosha kidole. "Mwalimu, ikivuja wanajuaje?"

"Wanaona mapovu."

"Mbona hata kwetu maji yakianza kujaa mchanga unatoa mapovu?"

Darasa likacheka. Nusura nimwambie kaa chini. Nikamwambia kesho.

Usiku nikashinda chini ya mkorosho wenye mtandao. Kumbe mwaka 2012 huko Uskoti, ghuba ya Ardmucknish, watafiti waliivujisha wenyewe makusudi: tani 4.2 kwa siku 37. Mapovu yalizidi maji yakipwa, yakapungua maji yakijaa, maana uzito wa maji unayakandamiza. Tena sehemu kubwa ya gesi haikutoka kama mapovu kabisa. Ukitazama kwa macho tu, umekwisha.

Wanapima pia oksijeni. Samaki na vijidudu wakipumua, hewa ukaa inapanda na oksijeni inashuka. Hewa ukaa ikipanda peke yake, hapo shuka mashaka. Lakini lazima uwe umeipima bahari kabla, misimu yote, kusi na kaskazi, ujue kawaida yake.

Asubuhi nikamweleza. Akafikiri kidogo. "Sasa mwalimu, ya kwetu ameipima nani?"

Jamani! Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ipo tangu 2000, na huku hatujazika hewa ukaa yoyote. Ila visima vikiisha gesi, siku moja mtu anaweza kuja na wazo hilo. Mama zetu wanaookota pweza wataulizwa bahari ilikuwaje. Mimi maabara nina karatasi za litmasi tu, na mabadiliko madogo kama hayo haziyaoni.

Nikamjibu ukweli: sijui. Halafu nikamwambia asome, aje apime yeye. Akaandika daftarini.

Walimu wenzangu mlioko TP, msiwakalishe chini wanaouliza.

Haya, chaji inaisha. Tutaonana chuo.