Kokwa za Maembe

Miembe mikubwa ya Tabora tuliikuta. Wazee husema ilitokana na kokwa zilizotupwa njiani na wapagazi wa misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Tunapumzika chini yake tukijua kwamba njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu na watumwa pia.

Watoto wa shule ya Jumapili tuliwafundisha Mwanzo 2:15 kwa mikono. Kila mmoja alikula embe (sehemu hii haikuhitaji mahubiri), akasafisha kokwa, akaipanda katika pakiti kuukuu ya maziwa iliyotobolewa chini. Baada ya wiki chache zikachipua.

Ndipo binti mmoja akauliza, “Baba Mchungaji, mbona mwembe wa hapa uani mliukata?”

Tuliukata kweli, sisi na wazee wa kanisa, tupate pa kuegesha magari. Kuni zake zilipikia chakula cha sikukuu ya mavuno. Tukajibu kwamba nafasi ilikuwa ndogo.

“Na huu wangu mtaupanda wapi?”

Jumamosi iliyofuata tulichimba shimo palepale. Gari letu sasa linashinda juani.