Fundi wa dubwi na bodaboda aliyegoma kuondoka

Jumamosi mchana, Mbagala. Pembeni ya grosari moja watu wamelizunguka dubwi utadhani kuna ajali. Taa zinawaka, muziki unaanza, unafika katikati... giza. Sekunde mbili, linajiwasha lenyewe. Linafika palepale, linazima tena.

"Hilo limeshiba! Likitulia tu linatapika," anasema jamaa mmoja. Wenzake wanaitikia, sarafu za mia mbili ziko mkononi tayari.

Fundi aliyeitwa ana miaka 25. Ufundi kajifunzia kwenye sabufa za mtaani, ila dubwi alilijua kabla ya kushika bisibisi. Ada yake ya chuo iliishia humo, mia mbili mia mbili. Nyumbani mpaka leo wanajua aliibiwa kwenye daladala.

Kwenye kiti cha plastiki kakaa kijana wa bodaboda, hana hata raha ya kunywa maji. Hela ya hesabu ya bosi imeingia yote humo. Lilipoanza kujizima, lilikuwa linamwonyesha ana sarafu kumi hajazicheza. Likawaka, zikasoma sifuri.

"Kaka, wewe si unafungua huko ndani? Nirudishie basi kimyakimya," anamnong'oneza fundi.

Fundi hajibu. Anaanza na soketi, maana dubwi na friji vinatumia ekstensheni moja, na friji likishtuka umeme hushuka. Analihamisha. Wapi! Linajizima vilevile.

Anafungua mlango, anashika mita. Bodi inahitaji volti 5. Dubwi likiwa limetulia, mita inasoma 5 safi. Likianza kuwaka na kujaribu vitu vyake, taa, spika, mota ya kutoa sarafu, namba inaporomoka mpaka 4 na pointi kidogo. Bodi ikikosa umeme wa kutosha inaanza upya. Ndiyo mchezo wote huo, hakuna cha kushiba wala kutapika.

Sasa nani anavuta umeme? Anachomoa waya kimoja kimoja. Anachomoa taa, bado. Anachomoa spika, bado. Anachomoa mota, dubwi linawaka mpaka mwisho! Watu wanashangilia.

"Basi mota imekufa, ninunue nyingine," anasema mama mwenye grosari.

"Subiri kwanza mama, tusiihukumu."

Anamgeukia yule bodaboda. "Niazime betri ya pikipiki." Volti 12, sawa na zile mota inazotaka. Anaiunga, mota inazunguka vizuri tu, wala haikwami. Kumbe mota haina kosa. Kilichochoka ni pawa saplai. Likianza kuibeba mota, linaishiwa nguvu.

Anachomoa umeme, anasubiri, anafungua boksi la pawa saplai. Hii hapa: kapasita mbili zimevimba kichwani kama chapati. Kwenye begi ana bodi ya sabufa mbovu, anatoa nyingine zenye namba zilezile, anachomea. Anarudisha waya zote. Dubwi linawaka, linaimba, linatulia. Dakika kumi halijazima.

Jamaa wanasogea na sarafu zao. Bodaboda naye kasimama, macho yamebadilika. Fundi anayajua macho hayo.

"Mama," anasema, "huyu lilimfutia sarafu kumi hajazicheza. Hiyo haikuwa bahati mbaya yake, ni kapasita. Mpe buku mbili zake."

Mama ananuna, anafungua droo, anatoa. "Haya mwanangu. Za kwanza kaliwa, hizo hazinihusu."

"Kaka, unaonaje nikijaribu hizi? Si limeamka sasa hivi?" anauliza bodaboda.

"Halikujui. Likizima halikumbuki umeweka ngapi, likiwaka halikuonei huruma. Limepangwa kurudisha pungufu ya linachokula, liwe zima, liwe bovu. Mimi nimetoka kulitengeneza, nakwambia."

Kijana anaangalia dubwi, anaangalia hela. Kimya.

"Rudisha betri kwenye pikipiki," fundi anasema. "Nipeleke Buza. Bei yako ya kawaida, sitaki punguzo."

Njiani hawaongei sana. Karibu na kufika, kijana anauliza, "Na wewe ushawahi kuliwa?"

Fundi anakaa kimya kidogo. Kisha kwa mara ya kwanza anaitaja ile ada, yote, mpaka shilingi ya mwisho. Alimwambia mtu asiyemjua hata jina.

Kijana alipokea nauli, akageuza. Ile njia inapita palepale grosari. Kama alisimama au alinyoosha, fundi hakujua.

Haya wadau, mnaocheza na mlioacha: ungekuwa wewe na ile buku mbili, ungesimama au ungepita? Funguka hapo chini.