Bahari Yenye Njaa

Jamani, bahari nyingine zina njaa! Huko Happisburgh, kijiji cha pwani ya Norfolk, Uingereza, mawimbi yanamega ukingo wa mchanga na udongo, nyumba nazo zinafuata. Mwaka 2013 maji yalifukua nyayo za watu wa kale, miaka zaidi ya 800,000, kongwe kuliko zote zilizopatikana nje ya Afrika. (Za Laetoli yetu ni milioni 3.6, msinichokoze!) Hazikumaliza wiki mbili, bahari ikazifuta.

Kasheshe ni mbayuwayu. Wanatoka Afrika kila mwaka, wanatoboa viota vyao humohumo kwenye ukingo uliomeguka. Ukizuiwa usimeguke, watatoboa wapi? Mi ningeuzuia tu. Mbayuwayu hadaiwi mkopo wa nyumba.